Njaa Ina Kalenda: Mwongozo kwa Sharika za Kando ya Ziwa

Mimi ni mchuuzi wa dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kamati ya huduma ya usharika wetu. Haya nawaandikia wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na akina mama wanaobeba sufuria kila kanisa likiwa na shughuli, kuanzia Magu na Misungwi hadi visiwa vya Ukerewe. Kama kwenu mnaita parokia au pastoreti, kazi ni ileile.

Nianze na kosa letu. Mwaka wa kwanza tulichanga Desemba. Krismasi inakaribia, mchungaji akatangaza, watu wakaguswa, tukaenda sokoni kununua mchele na mafuta wakati bei imeshapaa. Tukagawa mbele ya madhabahu, simu zikipiga picha, kwaya ikiimba. Kufika katikati ya Januari, nyumba zilezile zilikuwa zinakunywa uji wa chumvi mara moja kwa siku. Mama mmoja hakuja kuchukua fungu lake. Alimtuma mtoto aseme anaumwa, na wala hakuwa anaumwa.

Kilichotufungua macho ni bibi wa jumuiya yetu aliyesema kikaoni: "Nyie mnanunua njaa ikiwa imeshaiva." Tangu siku hiyo tunafanya kazi kwa kalenda.

Hatua ya 1: Chora kalenda ya njaa ya mahali penu

Chukueni karatasi kubwa, andikeni miezi kumi na miwili, kisha waiteni watu watatu: mkulima, mvuvi na mwenye duka la nafaka. Waulizeni chakula huisha lini ndani, bei hupanda lini, kibarua hukosekana lini.

Vijiji vingi vya huku kwetu vitawapa picha inayokaribiana na hii. Mpunga na nafaka nyingine huvunwa katikati ya mwaka, pamba nayo huuzwa kipindi hichohicho, kwa hiyo mwezi wa sita hadi wa nane kuna chakula na kuna hela. Mwezi wa kumi na moja hadi wa pili watu wako shambani wanalima kwa tumbo tupu, na ghala limebaki na vumbi.

Kwa wavuvi kuna kalenda nyingine ndani ya hiyo. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika, na wale wanaolipwa kwa siku (wabeba ndoo, akina mama wanaoanika, vijana wa kusukuma mitumbwi) hukaa bila kitu siku kadhaa kila mwezi. Mvua nazo zikinyesha mfululizo dagaa haukauki, unaoza, unaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nyumba ya mkulima na nyumba ya kibarua wa mwaloni hazilali njaa siku moja, na mgao wa siku moja kwa mwaka hauwezi kuzifaa zote mbili.

Wekeni pia alama kwenye miaka ya balaa. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda sana, maji yakaingia kwenye mashamba na makazi ya ufukweni. Waliopoteza bustani zao mara mbili ndani ya miaka minne hawajarudi walipokuwa.

Hatua ya 2: Changeni wakati wa mavuno, tena kwa debe

Sharika nyingi zina sikukuu ya mavuno, na mnada wake tunaujua: kuku anapanda bei hadi kufikia ya mbuzi, muwa mmoja unanunuliwa mara nne na kurudishwa. Msiuue mnada huo, unachangamsha na una faida zake. Ila kabla haujaanza, tengeni sehemu ya nafaka isiyopigwa mnada kabisa. Yusufu kule Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya miaka ya shibe. Sisi hatukuthubutu kuomba hivyo. Tuliomba debe moja kwa kila kaya inayoweza.

Hesabu yetu ni hii, na nawasihi muifanye kwa sauti mbele ya usharika kwa sababu ndiyo iliyowashawishi wagumu. Mtu mmoja anahitaji takribani gramu 400 za nafaka kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Kaya 20 za watu watano watano ni watu 100, kwa hiyo kilo 1,200 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ya ukata ni kilo 3,600, sawa na gunia 36 za kilo mia. Debe la mahindi lina kama kilo 18. Kaya 100 zikitoa debe moja moja mnapata gunia 18, nusu kamili ya hitaji lote. Nusu hiyo, ikijumlishwa na kibarua na mboga za mwenyewe, humtoa mtu Novemba ikamfikisha Februari. Tulipoandika hesabu hii ubaoni, mzee mmoja aliyezoea kutoa mia tano kwenye kikapu aliinuka akasema ataleta madebe matatu, na akaleta.

Asiye na shamba atoe hela, lakini zitumike kununua nafaka mwezi wa saba, si Desemba. Nunueni kwa mzani. Lumbesa mnaijua: gunia limeshonewa kofia, mkulima analipwa gunia moja wakati ametoa moja na robo. Kanisa likinunua kwa lumbesa ili kuwasaidia wenye njaa, limemnyang'anya mkulima ambaye Januari atakuwa kwenye daftari lake la wenye njaa.

Wafanyabiashara wa Mwaloni tunatoa dagaa. Kila tajiri akitoa sado moja kwa wiki wakati wa giza, dagaa ni mwingi na haumuumizi mtu. Pokeeni waliokaushwa kwenye chanja, mkatae waliokaushwa mchangani, kwa sababu mchanga hautoki hata uoshe mara ngapi, na mtoto ndiye anayeutafuna.

Hatua ya 3: Tunzeni vizuri, maana dumuzi haogopi kanisa

Mwaka wa pili tuliweka mahindi chumba cha nyuma ya madhabahu, kwenye viroba vya kawaida, chini kwenye sakafu. Novemba tulipofungua, viroba vitatu vilikuwa unga wa vumbi. Dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora karibu na mwaka 1980, hutoboa hata mti mkavu, sembuse mahindi.

Kwa hiyo:

- Kausheni kwanza. Tieni mahindi kiasi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikiseni, acheni dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka bado ina maji. Irudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.
- Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Jazeni, kamueni hewa, fungeni kila tabaka peke yake. Wadudu watakosa hewa na kufa bila dawa. Msiwe na tabia ya kufungua kuchungulia.
- Pangeni juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta.
- Nafaka yenye ukungu haigawiwi. Haipewi hata kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kwa chakula kilichotoka kwenye ghala za nyumbani kwao. Maskini hana ini la ziada.

Neno moja kuhusu mihogo, maana huku udaga ndio chakula cha wengi. Mihogo michungu isiyolowekwa na kuvundikwa vizuri ina sumu. Katikati ya miaka ya 1980 huko Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa sababu njaa iliwafanya wafupishe siku za kuloweka. Mkipokea makopa au udaga, pokeeni kwa mtu mnayejua anaandaaje. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, havina tabu hiyo, na bibi zetu walikuwa na akili kuvikausha kwa ajili ya miezi hii hasa.

Funguo za ghala ziwe mbili, za kufuli mbili tofauti, kwa watu wawili wasio ndugu. Mchungaji asishike hata mmoja. Hii si kumshuku, ni kumkinga, kwa sababu yeye ndiye anayegongewa mlango saa nne usiku na hawezi kusema hapana.

Hatua ya 4: Daftari

Kama mtafanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanyeni hii.

Kila jumuiya iteue watu wawili, mmoja mwanamke, wapite nyumba kwa nyumba mwezi wa tisa. Waandike: kaya ina watu wangapi, watoto wa chini ya miaka mitano wangapi, milo mingapi jana, chakula kitaisha lini, na safu ya mwisho iliyo muhimu kupita zote: kwa nini. Kwa nini nyumba hii haina chakula? Shamba limeliwa na maji? Mume amefariki na ndugu wamechukua eneo? Mzee hana kitambulisho? Alitolewa kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini? Ng'ombe wa jirani waliingia shambani na kesi haijasikilizwa? Bibi analea wajukuu sita?

Msiandike waumini peke yao. Kanisa la kwanza kabisa lilipata ugomvi wake wa kwanza kwenye mgao wa chakula, pale wajane wa upande mmoja waliposahauliwa. Sisi nasi tuna watu wetu wa kusahauliwa: wagonjwa wanaomeza dawa kila siku na kuona aibu kusema kwamba zinahitaji chakula, vibarua waliotoka mikoa mingine wasio na jumuiya, na mabibi waliotengwa na majirani kwa maneno ya uchawi kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Bibi wa namna hiyo hatatajwa na mtu kwenye kikao. Mfuateni nyumbani kwake.

Ombeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aongozane nanyi na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo hasubiri gunia la mahindi: anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, na nauli ya bodaboda inatoka kwenye mfuko wa kanisa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, afuatiliwe kila wiki na apewe uji wenye dagaa waliosagwa, karanga na mafuta kidogo.

Majina yabaki ndani ya kamati. Namba ndizo zitakazotoka nje.

Hatua ya 5: Kugawa bila kumvua mtu nguo

Gawieni mara tatu, kila mwezi mara moja, kuanzia mwishoni mwa Novemba. Fungu lipelekwe nyumbani jioni kwa baiskeli au boda, na yule jirani aliyeandika daftari. Hakuna picha. Hakuna foleni. Hakuna mahubiri ya lazima kabla ya kupokea, wala kumuuliza mtu mbona hakuonekana ibadani.

Mahali ambapo soko lina chakula na kikwazo ni hela, tumeni hela kwa simu, pamoja na ya kutolea. Watu huisahau ya kutolea, na mwenye elfu kumi bila ya kutolea amepata elfu kumi kasoro. Visiwani ambako bei hufuata boti, nafaka yenyewe ni bora. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa kwenda Sengerema hausubiri tena kivuko, kwa hiyo sharika za upande ule zilinganishe upya kama ununuzi wa Misungwi haujawa nafuu.

Mwisho wa kila mwezi, mweka hazina asome ibadani: tulipokea gunia ngapi, tumegawa ngapi, zimebaki ngapi, kaya ngapi. Dakika mbili zinatosha.

Hatua ya 6: Pelekeni daftari mkutanoni

Hapa ndipo sharika nyingi hugeuka nyuma. "Hayo ni ya siasa." Mimi pia nilisema hivyo, mpaka tulipojumlisha ile safu ya kwa nini. Kumbe zaidi ya nusu ya sababu zetu hazikuwa mvua wala uvivu. Zilikuwa jambo ambalo mtu fulani, kwenye ofisi fulani, angeweza kulirekebisha kwa kalamu. Debe letu lisingezifikia kamwe.

Anzieni chini. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria unapaswa kuitwa angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Huhitaji barua ya mchungaji kuingia. Andikeni ajenda mapema kwa Mtendaji, nakala kwa Mwenyekiti na Diwani, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku yenyewe waende watu wengi, asimame mmoja, aongee kifupi. Sisi tulisema karibu hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Mtendaji, wazee wetu shikamooni. Sisi wa kanisa pamoja na ndugu zetu wa msikiti tumepita nyumba zote. Majina hatutayataja. Kaya kadhaa hazina chakula cha kufika mwezi wa pili, na tayari tumeanza kuwapelekea. Ila yapo matatu tusiyoyaweza, na hayo ndiyo tumeyaleta kwenu."

Mnasikia hiyo "tayari tumeanza". Ndiyo iliyofanya Mtendaji aache kuangalia simu. Anayelalamika akiwa mikono mitupu husikilizwa kwa adabu kisha husahaulika. Waliotoa gunia 18 huulizwa: "Hayo matatu ni yapi?"

Matatu yenu mtayapata kwenye daftari. Haya ndiyo maeneo ambayo kuna mlango wa kugonga:

Chakula cha shuleni. Elimu bila ada ya tangu 2016 haikujumuisha chakula cha mtoto wa kutwa. Huo ni wajibu wa wazazi. Mkutano wa wazazi ukikubaliana kiwango cha mahindi na maharage, kanisa lijitolee kuwalipia watoto walio kwenye daftari, ili asiwepo mtoto anayetolewa nje ya foleni ya makande. Hili ni jepesi kuliko yote na matunda yake yanaonekana ndani ya mwezi.

Fedha za lishe. Halmashauri zimeelekezwa kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe mbele ya Rais Septemba 2022. Maswali ya kumuuliza Diwani ni mawili, na la pili ndilo lenye uzito: zimetengwa? Zimetolewa? Fedha iliyotengwa bila kutolewa haijapika uji. Muulizeni pia siku ya afya na lishe ya kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, mara ya mwisho ilikuwa lini.

TASAF. Kama kaya inayostahili haimo, au imetolewa, malalamiko hupitia kamati ya jamii ya kijiji kwa maandishi. Wengi hawajui kuandika barua. Jumapili moja baada ya ibada, vijana wa sekondari wakae na meza na kalamu.

Mikopo ya asilimia kumi. Halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Kikundi cha akina mama wa chanja za dagaa kinastahili kama kingine chochote, kikisajiliwa.

Akiba ya taifa. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 serikali iliuza mahindi ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kwa bei nafuu katika maeneo yaliyopungukiwa. Maombi hupanda kutoka kijiji hadi wilaya, na yakipanda na namba hupanda haraka kuliko yakipanda na kilio.

Angalieni kalenda tena. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la Aprili hadi Juni. Ombi linalofika Mei ni la mwaka unaofuata. Leteni hoja zenu Novemba au Desemba, wakati huohuo mnapogawa, namba zikiwa bado za moto.

Mambo mawili ya kujihadhari. Mgeni wa siasa akija kutoa magunia, apokelewe kama muumini mwingine yeyote, bila maikrofoni, na wakati wa kampeni asipokelewe kabisa. Pili, msiende peke yenu. Tulipokwenda sisi tu, ilisemwa "kanisa linataka nini?" Tulipokwenda na shehe, hakuna aliyeuliza.

Hatua ya 7: Mbegu

Kifupi: fungu la Novemba liende na marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa vyenye vitamini A, na pingili za mihogo zisizo na ugonjwa wa batobato. Chukueni mbegu safi. Watafiti wa kilimo wa TARI Ukiriguru, hapo Misungwi, wanashughulika na mazao hayohayo, na afisa ugani wa kata anajua njia. Pingili za kuokota kwa jirani zimeshaeneza ugonjwa kwenye mashamba mengi.

Mwezi wa tatu

Nafaka ikibaki, msiisukume hadi mavuno mapya. Iuzeni mwezi wa tatu, hela ziingie kwenye mfuko wa kununulia mwezi wa saba. Kisha kunguteni mifuko nje, mbali na ghala, muiinue mmoja mmoja juani na kuchungulia ndani. Wenye tundu hata la sindano utoeni, apewe mama wa mkaa. Mizima ikunjwe, ihesabiwe, idadi iandikwe ukurasa wa mwisho wa daftari, na ukurasa unaofuata mwandike juu kabisa: Juni.